Kafuri Katika Chupa ya Kumi na Saba

Rietfontein, Bredasdorp
Jumanne, 14 Julai 1981

Dada yangu mpendwa Lenie,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na watoto, na kifua cha Mama kimepata nafuu katika baridi hii. Mimi mwili hauna neno. Usingizi ndio umenikimbia.

Uliniuliza tunafanya nini hasa katika kituo hiki cha utafiti. Dondoro dume, yule paa mdogo wa vichakani, ana tezi chini ya jicho, nayo hutoa ute mweusi ambao yeye huupaka kwenye ncha za vijiti kuweka mpaka wake. Mzee tunayemwita Mjomba, Hannes Apollis, huvitafuta vijiti hivyo vichakani, huvikata kwa mkasi uliosafishwa na kuvitia chupani. Mimi naandika namba na tarehe. Profesa Lategan huupitisha ute kwenye mashine inayochora milima karatasini, kila mlima kitu kimoja: mafuta mazito yanayodumu kijitini siku nyingi, na vitu vyepesi vinavyopotea hewani upesi. Kugusa kwa kidole ni mwiko.

Mwezi Mei ulitokea mlima mpya katika chupa ya kumi na saba. Profesa alifurahi mno, akawaandikia wenzake wa ng'ambo kwamba dondoro wetu ana kitu kisichojulikana. Wiki tatu baadaye wakamjibu kwamba ni kafuri, ile ya dawa ya kuchua. Walimwuliza kama dondoro wa huku huugua baridi yabisi.

Alituita sote. Kila mtu anajua Mjomba Hannes hupaka kafuri magotini. Bwana Theron, msaidizi wa Profesa, alicheka akasema Mjomba akipita upepo ukivuma, hata mbwa hupona mafua. Mjomba akamjibu kwamba basi na yeye asogee karibu, huenda akapona mdomo. Kisha akamwambia Profesa kwamba kwa miaka kumi na tisa hajawahi kushika kijiti kabla ya kunawa, na glavu huvaa. Profesa akasema chupa haijipaki dawa yenyewe.

Barua ya kumfukuza niliipiga chapa mimi. Nilisahihisha hata jina lake, maana Profesa alikuwa amelikosea. Nyumba ni ya kituo, kwa hiyo Jumamosi hii anatoka, pamoja na mkewe, Shangazi Mieta, ambaye tangu kiharusi hainuki kitandani. Hawana pa kwenda.

Dada, ni mimi.

Mjomba aliniambia kwa kunusa tu anaweza kujua dume mzee na dume kijana. Nilitaka kujaribu. Nilifungua chupa ile, kijiti kikateleza hadi mdomoni mwa chupa, nami nikakirudisha kwa kidole. Mikono yangu ilikuwa imepasuka kwa baridi, na asubuhi ile nilikuwa nimeipaka dawa kutoka kopo la Mjomba mwenyewe. Alinipa akisema, Bwana Karani, mikono ya kuandikia haifai kuvuja damu.

Siku ya kuulizwa aliitazama mikono yangu. Nikaitia mfukoni. Hakunitaja, na jana alinisalimu kama kawaida.

Mara nne nimefika mlangoni kwa Profesa. Nafikiria Mama anavyowaambia watu kanisani kwamba mwanawe anafanya kazi ya kukaa kitini, kisha nageuka na kurudi mezani kwangu. Sijiamini tena.

Ndiyo maana nimeweka humu karatasi ya pili. Nimeeleza yote na kutia sahihi. Ijumaa kabla ya saa sita mchana nitakupigia simu pale dukani kwa Bwana Swart, kukwambia nimekwisha sema. Simu isipolia, panda basi la saa saba uje umkabidhi Profesa mwenyewe. Ukinikuta njiani nikikuomba uirudishe, usinisikilize.

Nibusie watoto. Mama mpe salamu zangu tu, mengine nitamweleza mwenyewe.

Ndugu yako,
Evert Januarie