Waume Sita wa Mamotena

Jumanne, 5 Agosti 2003
Mamotena amekufa. Saa kumi na moja alfajiri, hospitali. Figo. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Kuku wote wako nje, banda lilikuwa wazi.

Alhamisi, 7 Agosti
Daftari hili alilinunua yeye, mke wangu. Alisema andika kila siku, mkono utalainika. Mkono huu unapasua mawe mwaka wa ishirini na mbili, haulainiki leo wala kesho. Haya. Naandika.
Msimamizi wa machimbo kanituma nyumbani. Nisirudi mpaka kitambaa cheusi cha msiba kitoke begani. Mwezi mzima! Wenzangu hawataki mfiwa asimame juu ya jiwe, ati litaanguka. Upuuzi. Lakini mwaka juzi Phakiso alipofiwa na mama yake, mimi ndiye niliyempigia kelele ashuke.

Jumamosi, 16 Agosti
Tumemzika. Baridi kali, watu na mablanketi. Wanaume wa genge letu wamechimba kaburi. Pembe zimenyooka sawasawa, kama jiwe la mteja. Hilo angelisifia. Ng'ombe aliyechinjwa alikuwa mkondefu, hilo angelisema pia. Mchungaji kahubiri kwa saa mbili nzima. Mamotena angemkatisha.

Jumatatu, 18 Agosti
Nyumba imenishinda. Saa kumi nikaenda darasani. Darasa la watu wazima liko kwenye bwalo la machimbo. Tuko saba. Mwalimu wetu ni Disebo, msichana mdogo lakini mkali. Alinipa pole, akanipa na kazi. Mwezi ujao faili zetu zinakaguliwa. Kila faili iwe na insha, "Siku Nisiyoisahau". Asiye na insha hana cheti.
Bila cheti hicho sipewi mtambo wa kupakia mawe. Nitabaki na nyundo mpaka nami nichimbiwe. Mamotena alinisukuma miaka miwili nikipate hicho cheti. Yeye alifika darasa la nane, akanisahihisha kila siku mezani, na hakuwa na huruma.

Jumatano, 20 Agosti
Nimeandika insha. Nimeandika ile siku.
Mwalimu ana karatasi ya alama. Mwanzo tano, mpangilio tano, herufi tano, mwisho mzuri tano. Nikamwuliza, mwisho mzuri ni upi hapa, mtu kafa? Akasema kwa adabu, kama anaongea na baba yake, "Ntate Sekhobe, weka maneno ya mwisho yanayogusa moyo."
Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Wewe, umefunga kuku?" Sikuwa nimefunga.
Nikaandika kwamba alinishika mkono akasema, "Kaa salama, mume wangu mpenzi, Mungu akulinde." Uongo mtupu! Miaka kumi na tisa hajaniita mpenzi. Aliniita wewe.
Kumi na saba kwa ishirini.

Ijumaa, 22 Agosti
Leo nimecheka. Mara ya kwanza.
Mwalimu kaandika insha yangu ubaoni iwe mfano, neno kwa neno. Kisha akaitwa ofisini kwenye simu. Sisi miaka miwili tumefundishwa jambo moja: kilicho ubaoni unanakili. Basi. Vichwa sita vikainama.
Ningesema kitu. Sikusema. Watu wanaandika jina lake — nilipenda kuwatazama.
Phakiso ndiye peke yake aliyetumia akili. Kabadilisha jina, kaweka la mke wake, Mapuleng. Nikamwambia Mapuleng ni mzima, asubuhi kaniuzia maandazi getini. Akasema, "Hajui kusoma. Atajuaje kama amekufa?"
Mama Mamotshabi anayefagia ofisi naye kaandika "mke wangu". Nikamwuliza, mama, tangu lini una mke? "Ubao umesema mke. Mimi ni nani nibishane na ubao?"

Jumatatu, 25 Agosti
Faili zimechukuliwa asubuhi. Mwalimu kazisahihisha zote wikiendi, na ni wazi hakuzisoma. Wote kumi na saba.

Jumatano, 10 Septemba
Balaa!
Mhakiki kaja kutoka mjini. Ntate Khumisi, mwembamba, tai, viatu havijui vumbi. Kazi yake kumsahihisha aliyetusahihisha. Kawaida huchukua faili moja katika kila tano. Sisi tuko wachache, kachukua zote. Bahati yetu.
Akazipanga mezani. Akavua miwani, akasema, "Machimbo haya yana nini? Wake saba wamekufa. Jumanne moja, saa ileile, figo. Nimwite polisi au nimwite daktari?"
Akazigonga faili kwa kidole.
"Na sita kati yao ni mwanamke mmoja. Waume wa Mamotena wasimame."
Tukasimama sita. Mama Mamotshabi naye kasimama, ufagio mkononi. Mimi nikawaza, mke wangu mume mmoja tu alimchosha, sasa ana sita.
Mwalimu Disebo kakaa chini, uso umekwisha rangi. Mhakiki kasema kesho kila mtu ataandika insha ileile tena, mbele yake, bila daftari. Mwenye kisa atakikumbuka. Ambao insha zao hazilingani, alama zao zinafutwa, cheti hakuna mpaka mwakani.
Mwakani mtambo utakuwa na mtu mwingine.

Alhamisi, 11 Septemba
Saa nzima ya kuandika. Mhakiki anazunguka nyuma ya migongo yetu.
Mimi nilitaka kuandika ileile. Nikafika kwenye mkono na mpenzi, kalamu ikagoma. Nilimwona Mamotena pale mezani kwetu na kalamu yake nyekundu. "Wewe, nani kakwambia nilisema hivyo?" Basi nikaandika ilivyokuwa. Mirija. Nesi aliyekuwa akila chungwa. Kuku. Nilivyosema nimewafunga ili alale, na akajua nadanganya, akageukia ukutani. Hapo akafa.
Tukakusanya. Tukangoja. Mhakiki akasoma, kidole kimoja juu ya insha ya zamani, kingine juu ya mpya.
Wale wengine sawasawa! Neno kwa neno! Phakiso kaweka hata koma. Leo kutwa wamekariri wakipasua mawe, kumbe. Mama Mamotshabi kaongeza "amina".
"Ntate Sekhobe," kasema mhakiki. "Wewe peke yako hujalingana."
Darasa zima likanigeukia. Phakiso kainama, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Anacheka, mshenzi.
Nikasema, mke wangu ndiye aliyekufa. Mhakiki akasema, "Wote wanasema hivyo, ntate."
Hapo mlango ukafunguka. Mapuleng, beseni la maandazi kichwani. Sijui nani kampelekea habari. Namdhania Mama Mamotshabi, alikuwa anatazama dari.
"Habari za jioni," kasema Mapuleng. "Mimi ni marehemu. Naambiwa nilimshika Phakiso mkono nikamwita mpenzi?"
Phakiso akasema, "Mke wangu, ni masomo tu."
"Masomo! Haya, marehemu hapiki. Marehemu hafui. Kaa salama, mpenzi, Mungu akulinde!" Akampa mhakiki andazi, akatoka.
Mhakiki kala andazi lote kwanza. Kisha akasema mke aliye hai anaonyesha Phakiso kadanganya, haonyeshi kwamba mimi sikudanganya. Nilete karatasi.

Ijumaa, 12 Septemba
Cheti cha kifo kilikuwa kwa katibu wa chama cha mazishi. Nimekifuata asubuhi, nikampelekea mhakiki. Kasoma jina, siku, saa, figo. Akavua miwani. Kasema pole. Nikasema asante.
Wale sita wataandika upya Jumatatu, kila mtu siku yake mwenyewe. Mwalimu kapewa onyo la maandishi. Alikuja kuniomba radhi, nikamwambia ubao ni wake lakini mdomo uliofungwa ulikuwa wangu.
Nikadhani imekwisha. Haikwisha. Faili inabeba insha moja tu. Mhakiki kanieleza taratibu kama anaongea na mgonjwa. Ya kwanza ina kumi na saba, na sasa anajua ni yangu, anaweza kuiacha. Ya pili kaisahihisha palepale. Mwanzo tatu, mpangilio mbili, herufi nne. Tisa. Kufaulu ni kumi. Mwisho mzuri hajajaza.
"Kuku," akasema. "Ntate, karatasi inataka mwisho unaogusa moyo. Nitawapaje kuku alama?"
Nikamwuliza, wewe ulipofika hapo uliguswa au hukuguswa?
Akaisoma tena mistari ya mwisho. Akasema hawezi kuamua peke yake, juu yake yuko mwingine anayemsahihisha yeye. Nami nikajiuliza huyo naye anasahihishwa na nani.
"Chukua ya kwanza," kasema. "Cheti unacho leo."
Phakiso alikuwa mlangoni. "Chukua, bwana! Usiwe mjinga! Mtambo huo!" Kalala kwa kaka yake, maskini, na jana hakula.
Nikasema weka ya pili.
"Una hakika?" akauliza mhakiki.
Sina. Nikasema weka.
Kaitia kwenye bahasha kahawia, kapanda gari. Jibu wiki tatu.

Jumapili, 14 Septemba
Wajomba wamekuja kunitoa msibani. Nimenyolewa, kitambaa kimekatwa na kuchomwa. Bega jepesi.
Mapuleng kaleta maandazi. Kauliza kama mpumbavu wake anakula huko aliko. Nikasema anakula kidogo. "Vizuri," kasema, lakini kaacha mengine mawili, kasema ni ya yeyote atakayepita kwa kaka yake Phakiso.
Nyundo nimeitia mpini mpya. Kuku nimewafunga, nimerudi kuangalia mara mbili. Kesho narudi kazini.