Kwa Mke Mwenzangu Anayesikiliza Miamba

Mke mwenzangu Rehema,

Nakusalimu kutoka chumba kile kile tulichokalia eda, hapa Bagamoyo. Moyo wangu umechoka, na daktari haniambii tena mambo ya mwakani. Naandika kidogo, nalala, naandika tena. Nimewaambia jamaa barua hii isifungwe, kila mtu wa ukoo aisome, maana wivu wangu nao haukuwa siri. Mtaa mzima uliujua, ila walikosea sababu.

Walidhani nakuonea wivu wa kitanda. Mume wetu alipokuoa huko mgodini mlikofanya kazi pamoja, nililia, kisha nikazoea. Nilichoshindwa kuzoea ni mazungumzo yenu. Mimi nilisomesha fizikia mpaka nikastaafu. Yeye alikuwa mhandisi wa miamba. Akija likizo ananiuliza kama samaki ametiwa ndimu, kisha anakaa barazani na simu, anazungumza nawe juu ya nguzo za mwamba zilizobebeshwa mzigo kupita kiasi, na nishati inayojikusanya ndani yake. Nishati, Rehema! Neno nililoliandika ubaoni maisha yangu yote, mume wangu analitamka kwa mwanamke mwingine kwa sauti ya mahaba.

Alipofariki ukaja, tukakaa eda pamoja. Unakumbuka wanawake walivyokuchokoza?

"Bi mdogo, hebu tuambie, hilo jiwe linakusemesha vipi? Linapiga hodi?"

"Halipigi hodi, shangazi. Linaguna."

Wakacheka mpaka wakakumbuka kuwa wako msibani. Ukawaeleza kwamba mkichimba, mwamba unaobaki hubeba mzigo wa ule ulioondoka. Kwamba unapasuka kidogo kidogo ndani, na vyombo mlivyovipachika ukutani vinanasa kila mguno. Ukasema migunoguno ya kawaida haikutishi. Unachoogopa ni migunoguno kuongezeka, kisha ghafla kimya, na huku uchimbaji unaendelea.

Nikakuuliza mbele yao, nikitaka ushindwe: "Sasa likinyamaza, hiyo nishati inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, dada. Inakaa pale pale, inaongezeka. Ni kama mpira wa manati ukiuvuta."

Jibu sahihi. Ningekuwa darasani ningekupa alama zote, na nilikuchukia zaidi kwa kuzistahili. Tena mfano wa manati ulikuwa wangu! Ukasema marehemu alikufundisha hivyo, na kwamba kila mara alitaja kuwa ameutoa kwa bi mkubwa. Ulidhani unanifariji. Mimi nikawaza: kumbe hata kilicho changu alikupelekea wewe.

Halafu Idi, mtoto wangu wa pekee, akaenda kufanya kazi huko huko, chini ya ardhi. Nilimzuia kwa kila njia. Sikuogopa mwamba peke yake.

Siku aliyonipigia simu, alianza hivi: "Mama katutoa."

"Mama ni mimi," nikasema. "Nimekutoa wapi?"

"Mama wa huku."

Akanisimulia. Vyombo vilikuwa vimenyamaza tangu asubuhi, na msimamizi amefurahi. Wewe ukaagiza watu wapande juu. Msimamizi akafoka: "Mwamba umetulia, wewe unanitolea watu?" Ukamjibu, "Kama umetulia, shuka wewe." Watu walinung'unika, maana uliwahi kuwatoa siku nyingine na lisitokee lolote. Hamjui saa, uliniambia mwenyewe. Mnajua hatari tu. Safari hii ukuta ulilipuka, ukamwaga mawe pale pale Idi alipokuwa akifanya kazi. Hapakuwa na mtu.

Nilimshukuru Mungu. Wewe sikukushukuru. Idi alinisihi nikupigie, nikasema simu haina salio. Nilikaa na tasbihi mkononi, nikiwaza kwamba mimi nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamfundisha kusoma, na uhai wake umo katika sikio la mwanamke mwingine. Nawe ulifanya nilichokuwa nikikieleza kwa chaki, ukakifanya kweli, watu wakarudi kwao.

Basi leo nasema: ahsante, Rehema. Umeniokolea mwanangu. Akikuita mama, mwitikie, sitamkataza tena. Wivu haujaisha, usidanganyike. Hata sasa ninapoandika unanichoma.

Nina ombi moja. Nikifa, Idi atakuja kunizika. Wewe usije siku hiyo. Wenzake watakuwa chini mgodini, na kila mmoja ana mama yake. Kaa kwenye vyombo vyako, usikilize. Na nikwambie ukweli wote: siku hiyo moja, anaponishusha kaburini, nataka awe wangu peke yangu.

Kuanzia kesho yake ni wako.

Nisamehe, nami nimekusamehe.

Bi mkubwa wako