Sanda ya Mama Yanuka Kanji

Jumatano. Joto limeingia mapema hapa mtaani Kuze, hata kuta zatoka jasho. Roho yangu nzito kama gunia lililolowa.

Nina wajukuu sita na chuo cha Kurani nilikoma juzuu ya kwanza. Anayetaka kuucheka mwandiko wangu na aucheke. Nililoliona nitaliandika.

Mamangu yuko kitandani, haoni tena, na kupona hatapona. Jana aliomba sanda yake aishike. Ni bafta, nguo nyeupe laini aliyoletewa na marehemu baba kutoka Makka, na kila mwaka kabla ya Ramadhani aliitoa sandukuni akaifukiza udi. Ufunguo sasa anao ndugu yangu Athmani, kama alivyoshika kodi ya nyumba na kila kitu cha Mama, eti kwa kuwa yeye ndiye mwanamume.

Ufunguo ameuleta mwenyewe leo, baada ya mimi kupiga kelele hadi majirani wakafungua madirisha.

Nilipofunua sanduku sikusikia udi. Nilisikia kanji. Nguo mpya, ngumu, ukiisugua yatoa unga. Amerikani, nguo ya bei rahisi! Na tangu vita hivi vya Wazungu vianze, bafta nzuri huipati madukani Ndia Kuu hata kwa kulia. Aliye nayo huiuza kwa bei aitakayo.

"Wee Athmani, hii nini?"

"Dadangu, nguo ikikaa sana hubadilika."

"Hubadilika ikawa mpya? Basi nitie na mimi sandukuni, nitoke mwari!"

Hakucheka. Alitazama sakafu.

Sikumwona akiichukua. Shahidi sina. Lakini pua yangu haijazeeka.

Mama akanyoosha mkono, nikampa. Akapapasa pindo, akalisugua kwa kidole gumba, akalileta puani.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Mrudishie nduguyo ufunguo wake."

Ufunguo *wake*.

Nikamrudishia.

Mama alijua. Athmani naye alijua kuwa Mama amejua. Na mimi, ambaye mtaa mzima waogopa mdomo wangu, niliufunga pamoja na sanduku lile. Ningesema nini? Nimnyang'anye mwanamke anayekufa mwanawe wa pekee wa kiume?

Siku ikifika, makasi ya kukatia sanda nitapewa mimi, maana ndimi binti mkubwa. Wanawake watakaa kunitazama, na ule unga wa kanji utanishika vidoleni.

Ee Mola, nguo ile nitaikata kwa mkono gani?