Hata Kosa Lako Wamelichukua

Mama yangu, Bi Somoe,

Shikamoo. Naitoa salamu hii kwa sauti katika ukumbi wa Upanga uliojaa watu, nami najua marahaba yako haitasikika. Nimepewa dakika tano katika sherehe ya klabu. Kwenye ratiba wameandika: "Neno la shukrani kutoka familia za zamani." Sikuja kushukuru. Nimekuja kukueleza yaliyotendeka, na nimeona ni haki waliotenda wasikie ninavyokueleza.

Wamechapisha kitabu cha historia ya Vipanga. Nimekisoma mara mbili, kuanzia siku ambazo klabu ilikuwa vijana wa Kariakoo wenye mpira mmoja wa kikapu, hadi leo ilipo klabu ya kulipwa inayocheza ligi ya kanda nzima. Jina lako halimo. Hilo ningeweza kulimeza, maana ulinizoesha kuona watu wakipendeza bila kumkumbuka aliyewashonea. Lakini upo ukurasa unaoeleza habari za ringi yetu, ile iliyo juu kuliko ringi zote za mji huu. Unasema kwamba waasisi, "kwa hesabu za kitaalamu", waliamua kuipandisha inchi tatu zaidi ya kipimo cha kawaida ili kuimarisha mikono ya wachezaji.

Hesabu za kitaalamu, Mama! Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa, na ncha ya hesabu hizo niliishika kwa vidole vyangu.

Unaikumbuka asubuhi ile. Cherehani yako ilikuwa barazani, Mtaa wa Sikukuu, ikitazamana na kiwanja. Fundi Mwinjuma wa Buguruni alikuwa ameleta ringi aliyoichomelea kwa nondo. Nguzo ilikuwa imekwisha kusimama na saruji imekauka, na wanaume saba walikuwa wamezunguka wakibishana. Wote walijua kwamba ringi hutundikwa futi kumi kutoka chini. Hakuna aliyekuja na kipimo. Mmoja akapendekeza wapime kwa hatua za miguu, mwingine akamuuliza kama yeye ni mjusi wa kupanda nguzo kwa nyayo.

Ukaacha kukanyaga cherehani, ukainuka na tepu yako shingoni.

"Nyinyi wanaume mtabishana mpaka chuma kiote kutu," ulisema. "Tepu hii ina inchi sitini. Mara mbili ni futi kumi. Lete ngazi."

"Bi Somoe, usije ukaikata ringi sketi!" Fundi Mwinjuma akakutania.

"Nikiikata, utaivaa wewe. Kiuno chako nakijua."

Walicheka mpaka ngazi ikatikisika. Ulinifundisha kuibana ncha ya tepu chini, pale saruji ilipokutana na nguzo. Ukatia alama ya chaki ilipoishia. Kisha ukaikaza kanga, ukapanda, nami nikanyoosha mikono nikaibana ncha ileile kwenye alama ya chaki. "Shika ncha, usiiachie," uliniambia. Sikuiachia. Ringi ikatundikwa pale ulipoonyesha kwa kidole, na ringi ya upande wa pili ikapimwa vivyo hivyo.

Vipanga walijifunzia hapo. Walipokwenda kucheza ugenini kwa mara ya kwanza, mpira baada ya mpira ulipita juu ya ringi kama unaogopa kuingia. Walirudi wamefungwa na kuzomewa. Hatukuelewa mpaka mkaguzi wa ligi alipokuja na kipimo chake cha chuma. Akapima, akashuka, akapima tena. Inchi tatu zaidi. Kiwanja kizima kikakutazama.

Hukumsingizia Fundi Mwinjuma, wala hukusema mtoto aliishika vibaya. Ulivua tepu shingoni, ukailaza juu ya chuma cha mkaguzi, na kila mtu akaona: kitambaa chake kilikuwa kimevutika kwa miaka ya kuvutwa. Nguo za watu hazikukuumbua kwa sababu mwili na kitambaa ulivipima kwa tepu ileile. Kosa lilijisahihisha lenyewe. Ringi ndiyo kazi yako ya kwanza kupimwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

"Kosa ni langu," ulisema. "Shusheni."

Deogratias, nahodha, yule mtoto wa muuza jumla kutoka Kilimanjaro, ndiye aliyekataa. "Mama, tushushe moja, ya mechi. Hii nyingine iache. Tukiizoea hii kwanza, ile ya mechi tutaidondoshea tu."

Ndivyo lilivyozaliwa jambo ambalo klabu nyingine zote zimeshindwa kuliiga. Wachezaji wetu walijifunza kuuinua mpira juu sana, ushuke wima kama tone. Na wewe ukaweka sharti lako: mchezaji mgeni hashonewi namba kwenye jezi mpaka afunge mara kumi mfululizo kwenye ile iliyobaki juu, waliyoiita ringi ya Mama. Wakifika saba wakakosa, wanaanza upya. Ulikuwa ukiwahesabia huku unapiga cherehani, bila kuinua kichwa, kwa sauti tu ya wavu.

Alikuwepo kijana mmoja mwembamba aliyehangaika majuma matatu. Kila alipokosa alikaa barazani kwetu, ukampa chai. "Mwanangu," ulimwambia, "unaurusha kama unamtupia kuku mtama. Uinue!" Siku alipofunga ya kumi alikuja mbio na jezi yake, ukamshonea namba kumi na nne akiwa bado ameivaa kwa haraka aliyokuwa nayo, na sindano ikamchoma begani. Kijana huyo leo ndiye Mwenyekiti wa klabu. Ameketi mstari wa mbele, hatua sita kutoka hapa niliposimama.

Mama, hasira yangu haikuanza na kitabu. Klabu ilipoanza kulipa wachezaji, jezi zikaja zimechapishwa namba, nawe ukasema ni sawa, mambo hubadilika. Wakakuomba uondoe cherehani barazani ili mabango yaonekane vizuri. Ukaiondoa. Kisha ikaja ile mechi ya mwisho uliyotaka kuitazama, ulipovaa kitenge cha buluu, na mlinzi wa getini akakuzuia.

"Mama, kitambulisho?"

"Changu kimetundikwa pale juu," ulimjibu, ukimwonyesha ringi.

Alidhani unamfanyia mzaha. Nilipoanza kufoka ulinishika mkono ukasema, "Twende zetu, mwanangu. Uji utapoa." Nikanyamaza. Nimeujutia ukimya ule tangu siku tuliyokuzika, na sikusudii kuurudia.

Juma lililopita nilikwenda ofisini kwa Mwenyekiti na kitabu mkononi. Nilimsomea ukurasa ule. Hakukana.

"Dada yangu, tuelewane," alisema. "Wadhamini wanasoma kitabu hiki. Tuwaambie fahari yetu imetokana na tepu mbovu ya fundi cherehani? Historia haiandikwi kwa makosa."

"Jezi yako ya kwanza alikushonea nani?"

Akatazama simu yake. "Mama alikuwa mama yetu sote," akasema. "Hilo halina haja ya kuandikwa."

Nimeutafakari usemi huo usiku na mchana. Mama yetu sote! Ndivyo anavyofutwa mwanamke katika nchi hii: huitwa mama wa wote ili asiwe mwasisi wa chochote. Wangekunyima sifa ya ushindi, ningesema ni ubahili. Wamekunyima kosa lako, lile ulilolikiri mbele ya kiwanja kizima wakati ungeweza kumtupia mtoto wa miaka tisa. Wamelivua aibu, wakalivisha suti, wakaliita utaalamu, kisha wakaligawa kwa wanaume saba ambao siku ile hawakuwa hata na kipimo. Nisamehe, Mama, ulinilea niseme kwa upole. Huu ni wizi.

Na bado hawajamaliza. Ringi yako wameing'oa pamoja na nguzo yake. Imesimama nyuma yangu hapa jukwaani, imefunikwa kitambaa cheupe. Chini yake pana kibao cha shaba chenye majina saba. Mimi ndiye niliyeombwa nikifunue, ili mwanao wa kuzaa aidhinishe kwa mkono wake kwamba hukuwepo.

Nitakifunua. Na nikishakifunua nitakuomba radhi kwa jambo moja: nimeitoa tepu yako sandukuni. Imechakaa, namba za mwanzo zimefutika, lakini inchi sitini zake ni zilezile ulizoziona siku ile. Alama ya saruji ingali kwenye nguzo. Kila mwenye macho ataiona. Ikiwa urefu huu ulitoka kwenye hesabu za wataalamu, basi tepu ya fundi cherehani haina sababu ya kuufikia sawasawa. Ikiwa utatimia mara mbili kamili, bila unywele kuzidi wala kupungua, basi hicho kibao ni cha uongo na kitashuka leo, mbele ya wadhamini, kabla ya chakula.

Deogratias yuko mstari wa tatu. Mvi zimemjaa, magoti yanamsumbua, lakini ameniahidi kwamba ngazi ataileta mwenyewe. Nitapanda mimi. Nimekaza kanga.

Anahitajika mtu wa chini. Sitamwita mtoto. Nitamwita namba kumi na nne ainuke pale alipoketi, apige magoti kwenye alama ya saruji, na nitamkabidhi mwanzo wa tepu mbele ya watu wote hawa. Bega lake bila shaka linakumbuka sindano. Nami nitamwambia maneno yako, kwa sauti yako, kama ulivyoniambia mimi:

Shika ncha, usiiachie.

Lala salama, Mama. Cherehani naitia mafuta kila Ijumaa.

Ni mimi mwanao,
mtu wako wa chini.