Sijda ya Ijumaa, Mabela

Salma mwanangu,

Mjomba wako nipo, na joto la huku Omani linakaanga hata kivuli. Mfupa niliovunja nilipoanguka na baiskeli umeunga, lakini goti limekataa kukunjuka. Juu ya ile baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote, mimi nimeshafika Salala, kusini kabisa mwa nchi, na kurudi mara mbili. Bwana anayeninyoosha mguu, Muomani aliyekulia Unguja, nilipojisifia hayo akanambia: "Mjomba, siku utakayoinuka kwenye sijda bila ya kiti, ndiyo nitakuruhusu barabarani."

Basi Ijumaa msikitini nikakisukuma pembeni kiti ninachosalia. Kushuka nilishuka. Imamu akatoa salamu, watu wakaanza kutoka, mimi paji bado liko kwenye zulia. Wawili wakaja kuninyanyua. Nikawaambia nilikuwa nna dua ndefu. Mmoja akanijibu taratibu, "Tumekusikia, mzee. Ulikuwa unalia."

Kwenye mbio za baiskeli za huko mwaka huu jina langu lifute, uandike lako. Ile baiskeli niliyokukataza hata kuigusa, kishushe kiti chake kifike kimo chako. Barazani waambie nimekuachia kwa sababu nimechoka kushinda.

Mungu akuepushe na mashimo.

Mjomba wako, Seif