Mafiga ya Mama Mkwe

Recheli, nimejifungia chooni ndo nakuandikia.

Bustani yangu imekwisha. Nimetoka kazini nakuta mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka kijijini Ziba, kang'oa maua yote. YOTE! Kalima matuta ya viazi.

Eti, "Nimekung'olea magugu, mwanangu, naona huna nafasi."

Magugu! Kiangazi chote nayamwagilia kwa ndoo, leo ni magugu!

Na ile njia ya mawe tuliyoimaliza mimi na wewe Jumamosi? Mawe kayang'oa, kafanya mafiga. Anasonga ugali hapo nje, na jiko la gesi lipo ndani!

Nikamwangalia mume wangu. Unajua kasema nini? "Si umshukuru mama?"

Nikapiga goti, Recheli. Kwenye udongo wangu mwenyewe. Nikasema, "Asante, mama."