Upande wa Kushoto wa Baba Yako

Njoro, Moshi
14 Julai 2025

Mwanangu Evaline,

Habari za huko Ujerumani? Sisi hapa tunaamka salama. Baba yako anakusalimia ingawa hajui kama nakuandikia. Kaka yako Gerson anakusalimia, kifua chake kimepona. Bibi yako wa Mwika anakusalimia, anauliza kama huko kuna moto wa kuota. Shangazi Veronika wa Mkuu anakusalimia sana. Mbuzi naye amezaa, mapacha. Jirani Hellen ndiye anayepiga picha karatasi hii akutumie kwa simu yake, naye anakusalimia. Nikipiga simu baba yako anasikia kila neno, nyumba yenyewe unaijua.

Wewe unakula? Hao wazee mnaowahudumia kwa kujitolea wanakuheshimu?

Mwanangu, ufunguo wa gari haupo. Tangu asubuhi ile gari la usharika lilipokuja kukuchukua kwenda uwanja wa ndege, haujaonekana. Baba yako amepindua magodoro, amemwaga mpaka unga. Sasa anasema Gerson ameuficha ili akatambie wasichana. Wamegombana, Gerson analala kwa rafiki yake.

Namhurumia Gerson, lakini Mungu anisamehe, huo ufunguo ukipatikana ndipo nitaogopa zaidi. Unaikumbuka safari yetu ya likizo, ya kukuzungusha uage ndugu. Pale Mwika baba yako alipoyagonga matenga ya yule mama muuza ndizi na kioo cha kushoto kikang'oka, akasema, "Huyu ametokea wapi?" Mama wa watu alikuwa amekaa pale pale, mchana kweupe. Tukafika Mkuu, akala machalari nusu sahani. Ndizi za upande wa kushoto zimebaki zote, na yeye analalamika amepimiwa kidogo! Shangazi Veronika akacheka, "Kaka, hizo nyingine umemwachia nani?" Mimi sikucheka.

Kuna kitu kimempata baba yako. Niambie na wewe uliona nini.

Ni mimi mama yako.


Ujerumani
17 Julai 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mimi ni mzima, nakula, ila chai yao haina tangawizi. Msalimie bibi, mwambie moto upo, uko ndani ya mabomba ukutani. Wasalimie wote.

Mama, msimsumbue Gerson. Ufunguo ninao mimi. Uko hapa kwenye droo, ndani ya soksi. Niliuchukua wakati baba anafunga begi langu kwa kamba. Nikamkumbatia kumuaga, na ufunguo wake uko mfukoni mwangu.

Niliona yote uliyoyaona. Hapa kuna mzee mmoja anakula nusu sahani vile vile. Nesi akimzungushia sahani, anashangaa kukuta chakula kingine. Nesi anasema ni kiharusi, kimempiga upande mmoja wa kichwa, sasa vitu vya kushoto havioni ingawa macho ni mazima, na kinaweza kurudi. Mpeleke baba hospitali wiki hii hii. Gari asiliguse.

Lakini kumwambia siwezi, mama. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, alinitambulisha kwa watu kama dereva mwenzake. Akijua nimemuibia, atanitazamaje? Nifichie, nakuomba.

Mwanao, Eva.


Njoro
24 Julai 2025

Eva mwanangu,

Salamu za leo ni fupi, wote wapo, isipokuwa Gerson hajarudi nyumbani.

Nimekufichia kama ulivyotaka. Hospitali amekataa. "Mama Eva, nimeendesha lori la miwa hujajua hata kupika ugali, leo unanifundisha barabara?" Nikamwambia twende tukapime presha tu. Akasema kinachompandisha presha ni mimi.

Juzi akaleta fundi wa funguo kutoka mjini. Ufunguo mpya upo. Jana alikwenda kujaribu gari, akarudi anapiga mluzi, na tairi za kushoto zote mbili zimejaa matope ya mtaroni. Nilipomwonyesha akasema barabara ni mbaya. Eva, nilijifungia chooni nikasali.

Keshokutwa Jumamosi anakwenda Mkuu, mjukuu wa shangazi Veronika anabatizwa, na ameahidi kubeba wanakwaya wanne. Nimemwambia na mimi nakwenda. Nitakaa mbele, kushoto kwake, niwe namtajia: mtu, baba Eva, ng'ombe, baba Eva, toroli, baba Eva. Lakini wanaotembea kwa miguu wote wako upande huo huo, watoto na mizigo yao, na mimi nikichelewa neno moja? Hata breki siijui ni ipi.

Mimi hanisikii. Wewe anakusikia. Mpigie, mwambie ufunguo ulichukua wewe, na umwambie kwa nini. Atakasirika. Na akasirike, mwanangu, ila awe mzima, na asiue mtoto wa mtu. Nitakaa naye mpaka hasira zishuke.

Tunatoka Jumamosi kabla ya chai. Hata kama unalia, piga hivyo hivyo. Nijibu haraka kwamba utapiga, nipate kulala. Nimemwomba Hellen asizime simu.

Mama yako.